Ahadi Isiyo na Tarehe

Mtu akikuambia "nitakulipa", swali la kwanza linalokujia ni lini. Ukimkopesha jirani elfu hamsini za mtaji wa dagaa pale Kibirizi akasema "nitarudisha", utangoja wiki, utangoja mwezi, kisha utamfuata nyumbani kwake. Hutamwacha miaka ishirini halafu umtetee kwamba hajavunja ahadi kwa sababu hakutaja siku. Lakini serikali ikikitumia kiambishi hichohicho, -ta-, tunakipokea kana kwamba kina sarufi yake ya pekee. Serikali itahakikisha. Serikali itaweka mazingira wezeshi. Serikali kwa kushirikiana na wadau itahifadhi na kuendeleza. Nasoma shahada ya uzamili, na kwa ajili ya tasnifu nimekaa miezi na sera zetu za utamaduni na malikale. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba katika sekta hiyo hakuna mtumishi anayechapa kazi kama -ta-.

Sera ya Utamaduni ilitoka mwaka 1997. Mimi na sera hiyo ni rika. Ilisema utaandaliwa na kutekelezwa mpango maalumu wa kuwezesha elimu ya ngazi zote kutolewa kwa Kiswahili. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikariri usanisinuru kwa Kiingereza, darasa zima tukiitikia kama kwaya, na wadogo zangu nao wamekariri hivyohivyo. Sasa, je, ahadi ile imevunjwa? Mtetezi wa serikali atasema la, bado haijatimizwa tu. Ndilo swali ninalolizungushazungusha: ahadi isiyo na tarehe inaweza kuvunjwa kweli? Na kama inaweza, nani mwenye haki ya kusimama na kusema leo imevunjika?

Nilichukulie Ujiji, maana ndiko kwetu.

Februari 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, liwekwe kwenye orodha ya awali ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia. Ni njia ya takriban kilomita 1,200, nayo ilitajiwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Watu wengi hudhani kuingia kwenye orodha ile ni tuzo. Sivyo. Ni nchi kusema mbele ya wenzake: mahali hapa panastahili, nasi tutaandaa jalada. Miongozo ya Mkataba wa Urithi wa Dunia inazihimiza nchi ziipitie upya orodha hiyo angalau kila baada ya miaka kumi. Gombe, juu kidogo ya Kigoma kwa boti, imo humo tangu 1997. Njia ya misafara imo tangu 2006. Kusubiri nako kumekuwa aina ya uhifadhi.

Anayefika Ujiji kama mgeni hupelekwa moja kwa moja Livingstone. Pana mnara, pana makumbusho, pana miembe ambayo inasemekana ni vitukuu vya ule mwembe ambao Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone chini yake mwaka 1871. Ziwa limesogea mbali. Ukisimama hapo mnarani ni lazima ulifikirie, hulioni miguuni kama walivyoliona wao. Ndani nilizikuta sanamu za wale mabwana wawili wakisalimiana. Ni salamu ya dakika moja, nayo ndiyo imeumeza mji mzima. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 walikuta soko, walikuta Waha waliokuwa wenyeji, walikuta wafanyabiashara wa pwani, na watu waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, nchi ya Manyema, wengine wakiwa wapagazi, wengine bidhaa.

Bibi yangu mzaa mama ana asili ya huko Manyema. Ukimuuliza babu yake alifikaje Ujiji, hujibu kwa maneno matatu: "Alikuja na msafara." Nimemuuliza kwa njia nyingi. Alikuja akiwa amebeba mzigo, au akiwa mwenyewe ndiye mzigo? "Mjukuu wangu, nimekwambia, alikuja na msafara." Katika maneno hayo matatu kuna adabu, kuna aibu ambayo si yake, na kuna mlango uliofungwa na mtu aliyechoka kuulizwa kabila lake kwa sauti ya dharau. Ndiyo maana suala la njia ile kwangu si suala la watalii. Serikali ilipoandika neno "watumwa" kwenye karatasi ikalipeleka Paris, iliandika habari za babu yake bibi. Naamini ilipaswa kuandika. Ila ukishaliandika, hurudi ukalala. Unapaswa kuja Ujiji, ukae barazani na watu wa umri wa bibi yangu kabla hawajaisha, uwaulize wanataka jambo hili lisemwe vipi, na kama wanataka lisemwe. Kazi hiyo haihitaji saruji wala mkandarasi.

Tunasema ahadi ni deni, na watu wengi huishia hapo. Lakini deni lina mdai. Kwenye sera zetu mdai haonekani: kuna "wananchi", kuna "jamii", kuna "vizazi vijavyo", ambao kwa bahati nzuri ya mwandishi hawajazaliwa wakaanza kudai. Nimefikia kuona kwamba deni silo neno lenyewe. Neno linalofaa ni amana.

Tofauti yake ni hii. Aliyeahidi kukupa kitu anaweza kusema hali haikuruhusu, ukamsikitikia. Aliyepokea kitu chako akitunze hawezi kusema hivyo, kwa sababu mkono wake ndio ulioshika, na wako ukaondolewa. Ndivyo serikali ilivyofanya kuhusu malikale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inasema jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 ni mnara wa kale moja kwa moja, na la baada ya hapo ni mpaka litangazwe. Milango ya kuchonga inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Mahali pakishaingia kwenye ulinzi huo, huwezi kubomoa, kuongeza wala kukarabati kwa akili yako, unahitaji kibali. Sipingi. Bila sheria hiyo tungekuwa na fremu za maduka juu ya kila kaburi la kale. Lakini tazama maana yake kimaadili: serikali haikujitolea kutusaidia kutunza, ilituambia tuondoe mikono. Aliyewaambia wengine waondoe mikono hana tena utetezi wa umaskini kwa namna ileile. Akishindwa kutunza, anadaiwa angalau kauli: nimeshindwa, chukueni, au nisaidieni.

Na huo mwaka 1863 nao una mambo yake. Kwa Kilwa ni sawa. Kwa Ujiji, mji ulioshamiri hasa katika nusu ya pili ya karne ile, mstari huo unawakata watu katikati. Nyumba ya udongo iliyojengwa na Mmanyema wa miaka ya 1880 haina ulinzi wowote mpaka waziri aikumbuke. Mjukuu akiibomoa aweke tofali na bati, hajavunja sheria, na mimi simlaumu. Anataka nyumba isiyovuja. Ila tukubaliane kwamba kukutana kwa wazungu wawili mwaka 1871 nako ni baada ya 1863, na huko kulikumbukwa.

Nilipolipeleka jambo hili kwa rafiki yangu anayesoma uhandisi wa maji, alicheka. "Kigoma kuna akina mama wanachota maji ziwani kipindupindu kikiingia, wewe unalilia vibao vya makumbusho?" Ni pingamizi zito, na nimelala nalo. Jibu langu la kwanza ni kwamba kama serikali inaona maji kwanza, na iseme hivyo kwenye sera: kwa miaka kumi hatutagusa malikale, fedha zinakwenda kwenye maji. Nitaiheshimu serikali hiyo. Ninachokikataa ni kuandika yote mawili, kutimiza nusu ya moja, halafu kutumia la kwanza kujitetea kwa la pili. Jibu langu la pili ni kwamba mtu hachagui kati ya maji na jina lake. Wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga mwaka 2015, meli iliyowavusha kuja Kigoma ilikuwa MV Liemba. Hiyo ndiyo malikale ikifanya kazi ya dharura.

Liemba inastahili insha yake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma ikaunganishwa hapa. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wakikimbia, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Wakubwa wetu wote wa Kasanga, Kirando na Kalya wana hadithi ya Liemba: nani alijifungulia humo, nani alishuka usiku kwa mtumbwi na magunia ya mahindi. Kisha ikafungwa gatini, miaka ikapita, na kila mwaka wa bajeti tukasikia ukarabati. Ukitaka kudai, umwendee nani? Meli ni ya uchukuzi. Mambo ya Kale yako Maliasili na Utalii. Utamaduni una wizara yake, ambayo imebadilishwa jina mara nyingi tangu Mwalimu Nyerere alipoianzisha mwaka 1962 akisema utamaduni ndio roho ya taifa. Tume ya Taifa ya UNESCO iko chini ya Elimu. Amana moja, mikono minne, na kila mkono unaweza kukuonyesha mwingine bila kusema uongo.

Mahakamani je? Hapo Katiba yenyewe inatoa somo. Ibara ya 9 inaitaka serikali ihakikishe utajiri wa taifa unahifadhiwa na kutumika kwa manufaa ya wote. Lakini Ibara ya 7(2) inasema hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama masharti ya sehemu hiyo yametekelezwa. Geuza kurasa ufike Ibara ya 27: kila mtu ana wajibu wa kulinda mali asilia na mali ya umma, nayo iko kwenye sehemu isiyo na kinga hiyo. Kwa hiyo mimi nikikwangua jina langu kwenye mnara wa Ujiji, naweza kushtakiwa. Mnara ukikwanguka wenyewe kwa kutotunzwa, hakuna wa kushtakiwa.

Nadhani tatizo jingine liko kwenye neno lenyewe. Katika siasa zetu "kuwajibika" kumekuja kumaanisha kujiuzulu. Ali Hassan Mwinyi aliwajibika katika miaka ya 1970 kwa mauaji ya Shinyanga, akaacha uwaziri wa Mambo ya Ndani. Mfano huo tumelelewa nao, na ni mzuri. Lakini unatufanya tungoje maafa. Ukuta unaoanguka chembe kwa chembe kwa miaka arobaini haumpi waziri yeyote siku ya kujiuzulu. Wanaojua Kiarabu watakuambia "wajibu" na "jibu" ni mizizi miwili tofauti. Sikio la Mswahili linayasikia kama ndugu, na mimi nalifuata sikio: kwa mambo yanayooza polepole, anayewajibika ni anayejibu anapoulizwa. Hatudai kichwa cha mtu. Tunadai kauli yenye tarehe.

Ndivyo tulivyomdai Mjerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na hatukumkubalia hoja kwamba miaka mia ni mingi. Tulisema, na tukasema vyema, kwamba muda hauli amana. Sioni kwa nini hoja hiyo iishie Songea.

Mwaka jana nilikwenda ofisi moja, nisiyoitaja, kuuliza jalada la njia ya misafara limefika wapi. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti. "Mchakato unaendelea, mdogo wangu." Unaendelea kutoka wapi kwenda wapi? "Unaendelea." Nilishukuru nikatoka.

Sasa nimeandika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na mamlaka ina siku 30 za kujibu. Nimeuliza mambo matatu tu. Je, orodha ya awali ya 2006 imepitiwa upya, na kama imepitiwa, ni tarehe gani? Ni ofisa wa cheo gani mwenye dhamana ya kituo cha Ujiji ndani ya mradi huo? Na je, kuna kumbukumbu yoyote, ya maandishi au ya sauti, ya wazee wa Ujiji wenye asili ya Manyema waliohojiwa? Nimempa bibi nakala. Alinitaka nimsomee swali la tatu mara mbili, kisha akauliza kama wakija watakuja asubuhi au jioni, maana jioni yeye huwa msikitini.