Siku ya Tatu Ulaya

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kumsutia mgeni asiyetaka kuondoka wala kusaidia kazi, lakini ukiisikiliza vizuri, amri iliyomo haimwelekei mgeni. Anayeambiwa ni mwenyeji: mpe. Aliyepewa jembe ndiye anayejua udongo wa shamba ni mgumu kiasi gani, nani huamka mapema, nani hutegea, na kwa nini chakula cha jioni huchelewa. Asiyepewa hubaki kusifia mapishi. Kwa methali hii napenda kumpima mwanafunzi wa chuo anayekwenda kusoma Ulaya, kwa sababu naamini faida ya safari yake, ile ambayo vitabu na picha visingempa akiwa kwao, huanza siku ya tatu. Na siku hiyo haihesabiwi kwa kalenda. Yupo anayeifikia ndani ya mwezi mmoja, na yupo anayemaliza shahada bila kuiona.

Ulaya ya leo imerahisisha sana kubaki katika siku mbili za kwanza. Tangu mkataba uliotiwa saini mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, ukaguzi wa pasipoti umeondolewa hatua kwa hatua katika mipaka ya nchi nyingi za bara hilo. Mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali cha kuishi katika mojawapo ya nchi hizo huweza kuzitembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180. Kuna pia tiketi ya Interrail, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya vijana, ambayo humwezesha mkazi wa Ulaya kupanda treni za nchi nyingi kwa tiketi moja. Anayesoma Leuven, Ubelgiji, anaweza kumaliza kipindi cha Ijumaa, akalala Paris, Jumamosi akashinda Amsterdam, na Jumatatu akasinzia darasani. Mwisho wa muhula ana picha za miji kumi na miwili, na kila mji aliufikia siku ya kwanza akauacha siku ya pili.

Waliobuni mpango mkubwa wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi walilitambua jambo hili. Erasmus ilianza mwaka 1987 ikiwa na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, na hadi leo waliopitia mpango huo na miradi iliyozaliwa nao wamepita milioni 15. Kwa miaka mingi aliyekwenda kusoma alitakiwa kukaa miezi isiyopungua mitatu. Sasa kwa kawaida ni miwili. Hakuna anayehitaji miezi mitatu ili kuona mnara. Muda huo ni wa kukosea, kusahihishwa na kuzoea. Mpango wenyewe una jina la Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni aliyeishi Paris, Cambridge, Venice na Basel, ambako alifariki mwaka 1536. Hakuipita miji hiyo kama mtalii. Alifundisha, alitafsiri, akafanya kazi bega kwa bega na wachapaji wa vitabu.

Kwa mwanafunzi wa sasa, jembe lina sura ya kawaida mno, na pengine ndiyo maana halipigwi picha. Akiwa Ujerumani, ni kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani yake, kujifunza taka ipi inaingia pipa lipi, na kugundua kwamba mhadhara ukiisha wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Ni kukuta Jumapili maduka mengi yamefungwa, naye hakununua hata mkate. Kwa mpita njia, hiyo ni kero ya siku moja. Mkazi, baada ya wiki kadhaa, huanza kujiuliza ni jamii gani hii iliyoamua kuilinda siku ya mapumziko hadi ndani ya katiba yake. Swali hilo halikai Ujerumani. Humrudisha kwao, ambako duka la mtaani hufunguliwa siku saba, na humlazimisha kuona kwamba hata hilo ni uamuzi wenye faida na gharama zake. Kabla ya hapo alidhani ndivyo dunia ilivyo.

Atakayenipinga atasema: tembea uone. Mtu anaweza kupita tu na bado akaelimika. Tena ushahidi upo katika Kiswahili chenyewe, maana Salim bin Abakari alipita Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari za safari yake zikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Nakubali kwamba jicho kali huona mengi njiani. Lakini Salim hakuwa mtalii; alisafiri akiwa mtumishi wa Mjerumani. Jembe lake alikuwa nalo mkononi, na anayewajibika safarini huiona safari kwa namna ambayo anayehudumiwa hawezi kuiona.

Pingamizi zito zaidi ni la mwanafunzi wa Kiafrika mwenyewe. Ataniuliza: jembe gani tena? Kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, anayeomba viza ya kusoma Ujerumani kwa kawaida huonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka, mara nyingi katika akaunti iliyofungwa inayotoa fedha kidogo kidogo kila mwezi. Kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima tu kwa mwaka, na huenda akaishia kuosha vyombo hotelini. Ana haki ya kulalamika, na hapa ndipo ile amri ya methali inapowageukia wenyeji. Kuna jembe la kibarua, na kuna jembe la mwanafamilia. Bweni la wageni watupu na kundi la masomo lisilomwalika humweka mtu siku ya pili kwa miaka minne. Tofauti ya majembe hayo mawili ni ya zamani. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili Berlin, katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Alipewa jembe, tena kwa ujuzi wake mwenyewe, lakini shamba lilikuwa la dola iliyokuwa ikiwaandaa watu wake kwenda kutawala pwani yetu. Kulishika jembe, basi, hakutoshi. Ni lazima pia kujua mavuno yanakwenda ghala la nani.

Hata hivyo, simshauri mwanafunzi asubiri kuitwa. Kwaya, timu ya mtaani na jiko la pamoja ni mashamba madogo ambako mkono wa ziada haukataliwi kwa urahisi. Wala simkatazi treni. Ninachomkatalia ni kuihesabu safari yake kwa vituo. Mgeni akiondoka, sahani hupungua mezani na maisha yanaendelea. Mwenye jembe akiondoka, kuna tuta linalobaki bila kulimwa, na mtu wa huko huuliza amekwenda wapi.