Paka, Ugali na Usipa wa Ziwa Nyasa

Kigonsera, kwenye milima ya Mbinga, paka wengi huamkia ugali uliochanganywa na usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoanikwa juani. Paka hao ndio walinzi wa mahindi dhidi ya panya, na mlo wao unastahili kufikiriwa.

Usipa wakiadimika, ugali mtupu hautoshi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, lakini hakimo kwenye mahindi. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huo hudhoofisha moyo wa paka.

Mfugaji anayehamia kwenye nyama au chakula cha dukani asibadilishe ghafla. Madaktari wa mifugo hushauri siku 7 hadi 10: kipya robo, kisha nusu, kisha robo tatu, ndipo sahani nzima. Paka akiharisha, arudishwe hatua moja.

Kumshindisha njaa ili azoee ni hatari. Paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa mnene, ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Mchuzi wenye vitunguu nao asipewe, maana huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Msikilizaji, anza na robo leo. Paka wako akigoma kula siku nzima, usisubiri kesho kutwa; mwite mtaalamu wa mifugo aliye karibu nawe.