Tini Juu ya Jipu

Andiko: 2 Wafalme 20:1-19



Mfalme Hezekia aliugua sana, na nabii Isaya akamletea neno gumu ya kama atengeneze mambo ya nyumba yake, kwani mwisho wake umefika. Hezekia akageuza uso ukutani, akalia. Isaya alikuwa hajatoka katika kiwanja cha mfalme wakati Mungu alimrudisha na neno lingine: miaka 15 ya kuongezwa. Mahali hapo wengi wetu tunafunga Biblia na kupiga vigelegele. Lakini someni mstari wa saba. Nabii yule yule aliyeleta ahadi aliagiza tini, wakaziweka juu ya jipu la mfalme. Isaya hakuwaza ya kama dawa inachafua ahadi. Aliomba, akapokea neno, kisha akatuma watu kutafuta tini.

Juu ya jambo hili tunataka kuwaeleza habari za kijana mmoja wa Marekani. Wale wasiopenda mambo ya mipira watuvumilie kidogo.

Jina lake ni Anthony Rizzo. Alizaliwa mwaka wa 1989 katika jimbo la Florida, na alisoma sekondari kwenye shule ya Marjory Stoneman Douglas, katika mji wa Parkland. Mchezo wake ulikuwa besiboli. Mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zote. Mwingine anasimama mbele yake na kirungu cha mti kusudi aupige. Ni mchezo wa kunyenyekeza watu. Hata hodari akifaulu mara 30 katika 100 wanamsifu sana, na zile mara 70 anarudi kuketi mikono mitupu mbele ya watu wote.

Mwaka wa 2007, alipomaliza shule, timu kubwa ya Boston Red Sox ilimchagua. Walimtuma kwanza kwenye timu yao ndogo ya Greenville, ili akomae. Mwaka wa 2008 alianza vizuri mno: katika michezo 21 alikuwa akifaulu mara 37 katika 100. Miaka yake ilikuwa 18. Ndipo waganga wa hospitali walimwambia ya kama ana limfoma ya Hodgkin, ndiyo kansere inayoshika tezi za mwili. Kirungu kikawekwa chini. Kwa muda wa miezi sita hivi alipewa dawa kali zinazopita katika mishipa ya damu, zile dawa zinazoua ugonjwa na kuuchosha mwili pamoja.

Mungu hakumwacha bila mfano. Katika Boston kulikuwa mtupaji wa mpira, Jon Lester, ambaye waganga walimkuta na limfoma ya namna nyingine mwaka wa 2006, akiwa na miaka 22. Lester alitibiwa, akarudi, na katika mwezi wa kumi wa mwaka wa 2007 yeye ndiye aliyetupa mpira katika mchezo ule uliowapa Boston ubingwa. Mtu huyu alikutana na Rizzo na kusema naye. Wandugu, mgonjwa anasikia sana neno la mtu aliyekwisha kulala kitanda kile kile. Sisi wengine tunafika na maneno mengi, na mara nyingi tunamchokesha.

Mwezi wa tisa wa 2008 waganga walimwambia Rizzo ya kama ugonjwa hauonekani tena katika mwili wake.

Sasa tutazame kwetu. Kansere za tezi ziko hapa pia. Ile ya Hodgkin inaanza mara nyingi na uvimbe shingoni au kwapani usio na maumivu; kisha homa, jasho la usiku, na mwili kukonda. Watu wanawaza ni tibi, na kweli mara nyingi ni tibi, lakini ni lazima kupimwa ili kujua. Nyingine inakamata zaidi watoto wetu wadogo: taya linavimba, meno yanalegea, au tumbo linajaa. Mpasuaji mmoja aliyefanya kazi Kampala, Denis Burkitt, aliandika habari zake mwaka wa 1958, na ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Unaonekana sana kunako malaria nyingi. Uvimbe ule unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache tu. Lakini, wandugu, sikieni vizuri: ni moja ya kansere zinazosikia dawa upesi, kama mtoto anafikishwa mapema.

Na sisi tunafanya nini? Taya la mtoto linavimba, na jamaa inakusanyika usiku kutafuta ni nani aliyemloga. Wanamtazama nyanya, mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Au wanamtazama mtoto mwingine wa nyumba ile, yule yatima. Wanafunga siku saba, wanamfukuza nyanya, na siku zile saba uvimbe haukufunga, ulikula. Tunasema bila kuficha: jambo hilo si imani. Ni woga uliovaa kanzu ya imani. Na yule anayemwambia mama mwenye mtoto mgonjwa ya kama kwenda hospitali ni kumkana Mungu, atuonyeshe basi kosa la Isaya lilikuwa wapi.

Tunajua pia taabu ya safari, na bei ya dawa. Hatusemi ni rahisi. Ndiyo maana mzigo huo usiachwe juu ya mama mmoja. Wale wanne waliomshusha mwenye kupooza kwa kutoboa paa walibeba kwanza kitanda.

Turudi kwa Rizzo, kwani kupona si mwisho wa taabu. Mwaka wa 2011 aliitwa kucheza na wakubwa, katika timu ya San Diego. Alishindwa vibaya, alifaulu mara 14 tu katika 100, akarudishwa timu ndogo. Mtu aliyeshinda kansere alishindwa na mpira! Mwaka uliofuata alipelekwa Chicago, kwa timu ya Cubs, ambayo haikupata ubingwa tangu mwaka wa 1908. Lester naye akafika huko mwaka wa 2015. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2016, mjini Cleveland, baada ya miaka 108, mpira wa mwisho ulidakwa na mkono wa Rizzo. Akautia katika mfuko wa nyuma wa suruali.

Lakini Hezekia, ile miaka 15 aliifanyia nini? Tunasahau kusoma mistari inayofuata. Wajumbe walitoka Babeli, naye akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato na silaha zake, hakuna nyumba aliyowafungia. Isaya akarudi tena na neno gumu. Mfalme alijibu ya kama neno ni jema, kwani katika siku zake mwenyewe kutakuwa amani. Mfalme aliyeongezewa maisha hakuwahurumia wajukuu wake.

Yule kijana wa Florida alianzisha mfuko mwaka wa 2012 wa kusaidia watoto wenye kansere na jamaa zao. Mwaka wa 2017 mfuko huo ulitoa dola milioni 3 na nusu kwa hospitali ya watoto mjini Chicago. Tarehe 14 mwezi wa pili 2018 mtu mwenye bunduki aliua watu 17 katika shule ile ile aliyosoma. Rizzo aliacha mazoezi, akarudi Parkland, akasimama usiku katikati ya watu waliokuwa wakilia.

Tusimame sasa tuombe. Tuombee watoto walio hospitalini na mama wanaolala chini kando ya vitanda vyao. Tuombee wauguzi. Tuombee nyanya waliofukuzwa, na wale waliowafukuza, ili wakawarudishe nyumbani.