Bega la Joker

Kuna swali moja ambalo wachezaji wa gemu hawachoki kulibishania: mtu ambaye mifupa yake inavunjika kama kijiti, kweli anaweza kufyatua bunduki? Anayetajwa sana ni Joker, rubani wa chombo cha anga za juu katika Mass Effect, gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada iliyotoka mwaka wa 2007. Joker ana ugonjwa wa Vrolik. Ugonjwa wenyewe si wa kubuni. Umepewa jina la daktari Mholanzi wa karne ya 19, Willem Vrolik, na madaktari wa leo wanauita osteojenesisi impafekta. Mwili unatengeneza kolajeni kidogo au kolajeni mbovu, na bila kolajeni nzuri mfupa unakuwa kama simiti isiyo na vyuma ndani.

Swali linaonekana la kitoto, lakini tulichukulie kwa uzito. Tuanze na fizikia ya sekondari.

Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Risasi ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Bunduki yenyewe ni kama kilo 4. Ukipiga hesabu, na kuongeza gesi inayotoka pamoja na risasi, nguvu inayofika begani ni jouli kama 7. Hiyo ni sawa na mtu akuangushie kitu cha kilo 4 kutoka kimo cha shibiri moja. Utaisikia, lakini hutalia. Bunduki ya rasharasha, ile ya kuwindia, inasukuma zaidi ya mara mbili ya hapo. Bastola inasukuma kidogo zaidi, ila kiganja na kifundo cha mkono ndivyo vinavyobeba mzigo wote.

Sasa mfupa. Ugonjwa huu una aina nyingi. Kuna watoto wanaozaliwa tayari wamevunjika na hawaishi siku nyingi. Kuna wanaovunjika wakigeuka tu kitandani. Na kuna wengi wenye aina nyepesi, wanaovunjika mara kadhaa utotoni kisha wakikomaa wanatulia, na wewe ukikutana nao mtaani huwezi kujua, labda uone weupe wa macho yao una rangi ya bluu kwa mbali. Kwa hiyo jibu la swali letu ni: inategemea ni mtu yupi, ni bunduki gani, na ameishikaje. Mwenye aina nyepesi, akiegemea ukuta na kufyatua risasi mojamoja, inawezekana kabisa. Mwenye aina kali akishika rasharasha, hapana.

Tungeweza kuishia hapo, kila mtu arudi kwa simu yake. Lakini angalia ni nani tunamuuliza swali hili.

Katika gemu hiyo hiyo kuna Kamanda Shepard, shujaa wetu. Shepard anapigwa risasi mpaka kioo kinakuwa chekundu, anachutama nyuma ya kreti sekunde kadhaa, ngao yake inajijaza, anainuka na kuendelea kuua. Hakuna anayeuliza bega lake linahisije. Ukija kwa PUBG, ile ambayo nusu ya vijana wa Garissa wanaicheza kwa simu zilizopasuka vioo, unaruka kutoka kwa ndege, unapigwa za kifua, unajifunga bandeji, unaendelea. Hakuna anayesema, "Warya, hiyo si uhalisia." Uhalisia tunaudai kwa Joker peke yake.

Hapo ndipo mimi napata shida. Tunaposema kitu fulani "si halisi", mara nyingi hatuzungumzii dunia ilivyo. Tunazungumzia picha tuliyonayo kichwani ya nani anafaa kufanya nini. Mwili wenye nguvu tunausamehe miujiza yote. Mwili dhaifu tunaudai risiti.

Kuna wenye hoja nzuri upande wa pili, na siwezi kuipita. Wanasema: gemu yenyewe ndiyo ilituambia mifupa yake ni dhaifu. Hiyo ni ahadi. Shepard ana ngao, na ngao ni sehemu ya sheria za dunia ile. Joker ana Vrolik, nayo ni sheria. Ukivunja sheria uliyoitunga mwenyewe, unamdanganya mchezaji, na ugonjwa unakuwa pambo tu la kumfanya mhusika apendeze. Nakubali. Ndiyo maana sehemu moja ya Mass Effect 2, ya mwaka wa 2010, inanikaa moyoni. Chombo kimevamiwa, wenzake wanabebwa, na ghafla mchezaji anapewa kumwendesha Joker. Hana bunduki. Anachechemea. Unabonyeza kitufe akimbie na hakimbii. Kwa dakika chache unajua maana ya kuwa ndani ya mwili ambao hauwezi kukimbilia chochote. Watunzi hawakumnyima ushujaa, na hawakumpunguzia bei yake.

Mtaani kwetu kuna kijana mwenye ugonjwa huu. Mkono wake umewekwa plasta mara nyingi hadi ameacha kuhesabu, na anacheza gemu akiwa ameilaza simu juu ya mto. Nilimuuliza kuhusu Joker na bunduki. Alicheka. "Bro, bunduki si tatizo," akaniambia. "Tatizo ni vile anapita kwa korido na hakuna mtu anamgonga." Yeye hajawahi kuvunjwa na kitu kikubwa. Amevunjwa na bodaboda iliyopanda tuta bila kupunguza mwendo, na mlango wa darasa, na binamu aliyemkumbatia siku ya Idi kwa furaha. Watu wa afya njema tukiwaza mifupa dhaifu tunawaza vita. Yeye anawaza foleni ya maji.

Jibu hilo linaonyesha kitu ambacho ubishi wetu haukukiona. Tulikuwa tunauliza kama mwili huu unaweza kubeba silaha. Hatukuuliza kama dunia imempa nafasi ya kupita. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Huku kwetu, ambako mtu anapewa jina la utani kutokana na mwili wake, Dheere kwa mrefu na Gaab kwa mfupi, hadi rais wa Somalia Siad Barre akaitwa Afweyne, mdomo mkubwa, hiyo sehemu ya majina bado ni safari ndefu. Na hiyo ya kufika kila mahali, tembea tu na mtu mwenye magongo kwenye mchanga wa mitaa yetu uone.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi katika swali letu, na naona mtu wa Kaskazini Mashariki analiona haraka kuliko mtu wa Montreal. Rudi kwa ile hesabu. Begani kwa mfyatuaji zinafika jouli 7. Risasi hiyo hiyo ikitoka mdomoni mwa bunduki inabeba karibu jouli 2,000. Karibu mara 300. Na sisi tumekaa tukibishana kuhusu bega.

Mbele ya risasi hakuna mfupa imara. Paja la mwanajeshi na paja la yule kijana wa mtaani kwetu vinapasuka sawa. Mkoa huu unalijua hilo bila gemu. Unalijua tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na tangu Februari 1984 katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ambako hata idadi ya waliouawa bado inabishaniwa. Unalijua tangu alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, pale Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa umri wangu wa sasa au chini yake. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hasira yangu ya kuacha ilipungua sana nilipofikiria wale ambao hawakupewa hata nafasi ya kuacha.

Gemu nyingi za bunduki zimetumia pesa na miaka kuiga upande mmoja wa mtutu. Mlio uko sawa, magazini inaingia sawa, bunduki inaruka mkononi sawa. Upande wa pili mtu anaanguka na kutoweka, au anainuka tena baada ya bandeji. Far Cry 2 ya 2008, iliyowekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ilijaribu kidogo: bunduki zinashika kutu na kukwama, shujaa ana malaria, na akiumia unamwona akijichomoa risasi kwa koleo au kunyoosha kiungo kilichopinda. Lakini hata yeye baada ya sekunde chache yuko fiti. Mifupa haiungi hivyo. Paja lililovunjika linadai miezi, na mama wa kukulisha, na mtu wa kulipa bili.

Sisemi gemu zipigwe marufuku. Mimi nacheza na nitaendelea kucheza. Wala sisemi kila gemu iwe darasa la huzuni. Ndoto ya kutovunjika ni ndoto halali, na yule kijana anaihitaji kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba sheria iwe moja. Ukiamua dunia yako haina maumivu, basi Joker naye afyatue chochote anachotaka, na tunyamaze. Ukiamua mifupa ina maana, basi iwe na maana kwa kila mtu, kuanzia kwa yule aliyepigwa, kabla hatujafika kwa aliyepiga.

Kwa hiyo nikiulizwa tena kama mtu mwenye mifupa ya glasi anaweza kufyatua bunduki, nitajibu ndiyo, wengine wanaweza. Kisha nitauliza anamlenga nani, na huyo mifupa yake ni ya nini.