Kitoto cha paka: Ni amana au kichezeo?

SIFA zote njema anastahiki Allah (sw), Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw), Aali zake na Masahaba wake.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona kwamba wakati Umma unauguza majeraha kila pembe ya dunia, mtu anachukua kalamu kuandika habari za kitoto cha paka. Wanafunzi wangu nao wamekuwa wakiniuliza hivyo hivyo: "Maalim, mayatima wangapi mjini hapa wanalala na njaa, sisi tunazungumzia nyau?" Swali hilo si la kubezwa. Wengine huongeza kwamba kulea paka ni mambo ya kizungu.

Nianze na hili la uzungu. Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa jina la Abu Hurayra (ra), maana yake baba wa kitoto cha paka. Imam Tirmidhi amepokea maelezo yake mwenyewe kwamba alipokuwa akichunga kondoo wa jamaa zake alikuwa na kipaka chake, usiku akikiweka mtini na mchana akicheza nacho. Hiyo ni Arabuni ya karne ya 7, wala si Ulaya.

Ama kuhusu mayatima, huruma si gunia la mchele kwamba ukimpimia huyu kibaba, yule atapungukiwa. Sijaona mtaa ambao yatima wake walishiba kwa sababu paka wake waliachwa wafe. Mwenye kuuzoea uchungu wa kiumbe dhaifu mlangoni kwake huwa anajifunza kuuzoea na uchungu wa jirani.

Sasa tuitazame Hadithi mashuhuri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumpa chakula wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Wengi tunaisimulia kuwatisha watoto, kisha tunapita. Lakini tuizingatie vizuri. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kusalimika: kulisha au kuachia. Hakulazimishwa kumfuga paka. Kosa lake ni kumzuia kiumbe kujitafutia riziki, kisha naye asimpe riziki hiyo. Kwa maana hiyo, anayemchukua mnyama na kumweka chini ya mamlaka yake amebeba dhima. Wanazuoni wa Fiqhi wamesema kumlisha ni wajibu, na kwamba mwenye mnyama akikataa, kadhi ana haki ya kumlazimisha amhudumie au amtoe kwa mwingine.

Hapa ndipo suala la kitoto cha paka linapokuwa zito kuliko la paka mkubwa. Utamsikia mtu akisema, "Mimi sikuwafungia, niliwatia kwenye kiroba nikawaachia sokoni penye samaki, Mungu atawaruzuku." Je, huko ni kuachia? Paka huzaliwa na uzito wa kiasi cha gramu 100, macho yamefumba, na macho hayo hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika wiki tatu za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Hata haja hawezi kujitoa. Mama yake humlamba ndipo zitoke. Wiki ya nne anaanza kuonja chakula, na wiki ya nane ndipo huweza kuachishwa ziwa. Kuwinda anajifunza kwa mama yake, kidogo kidogo. Kiumbe wa namna hii ukimtupa sokoni, ile njia ya pili iliyotajwa katika Hadithi hana. Wadudu wa ardhini hawezi kuwala. Aghlabu wao ndio watakaomla yeye. Kwa hiyo kumtupa si kumwachia, bali ni kumfungia mahali pasipo kuta.

Linafuata suala la kumtenga na mama yake. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (ra) kwamba Masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (saw) aliuliza ni nani aliyemsononesha kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Basi anayetaka paka kwa ajili ya watoto wake na asubiri wiki nane zitimie. Katika wiki hizo kipaka kinapata kinga kutoka kwenye dang'a, kinajifunza kutouma ovyo, na kikishikwa kwa upole kinazoea watu.

Lakini tuseme umemkuta kipaka ambaye mama yake amekufa, ukaguswa, ukamchukua. Nia yako njema, lakini je, inatosha? Dini yetu imetutaka kufanya ihsani katika kila jambo, na hakuna ihsani bila elimu. Wengi humkimbilizia maziwa ya ng'ombe, yanamharisha, na kuharisha kunamkausha maji mwilini akafa upesi. Yapo maziwa maalum ya vipaka. Muulize daktari wa mifugo. Mpashe joto kwanza kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, maana aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Kisha umpanguse kwa kitambaa chenye unyevunyevu ili apate haja, kama ambavyo mama yake angemlamba.

Akikua, usimlishe ugali mtupu. Paka ni mla nyama, na akikosa nyama au samaki kwa muda mrefu anaweza kupofuka na kuugua moyo. Minyoo huipata hata kwenye ziwa la mama, hivyo dawa inahitajika mapema. Chanjo huanza akiwa na wiki sita mpaka nane na kurudiwa, na ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, jambo ambalo ni kinga kwa wanao pia. Na tafadhali, usimpe Panadol! Dawa hiyo inayokutuliza wewe inamuua yeye.

Wengine watauliza juu ya kuhasi, kwa sababu paka jike huweza kushika mimba hata kabla ya kutimiza miezi sita. Wanazuoni wamekhitilafiana. Imam Nawawi katika madhehebu ya Shafi amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Mahanafi wameruhusu panapokuwa na manufaa, na wapo maulamaa wa zama hizi walioruhusu kwa paka wakizidi, maadamu hawaumizwi. Mimi si mufti, na msomaji amuulize shekhe anayemwamini. Ninachokiona ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeruhusu kiroba. Tusijifiche nyuma ya khitilafu ya wanazuoni ili tufanye lile waliloafikiana kulikataza.

Basi ndugu yangu, kama huwezi kulea, usichukue, hulaumiwi. Kipaka akiwa na mama yake, mwache naye, na ukiweza muwekee mama huyo maji na makombo ya samaki. Lakini ukishamfungia mlango ndani ya nyumba yako, ujue kuna kiumbe kisicho na ulimi wa kukushitaki duniani, na Mola wake anamsikia. Watoto wako nao wanakutazama. Watakavyokuona ukimtendea asiyeweza kukulipa, ndivyo huenda wakakutendea wewe siku utakapokuwa huna cha kuwalipa.

Allah (sw) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhurumia ili nasi tuhurumiwe. Amin.