Mpimaji Naye Apimwe

Kupima ni kazi ya haki. Mchuuzi apimaye mchele kwa kibaba kilichobonyea humpunja mnunuzi. Akijua kuwa kimebonyea, sote twamwita mwizi. Lakini je, kama hajui? Kama hakukilinganisha hata siku moja na kibaba cha mwenziwe, ana hatia au hana? Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitugawia nakala za insha moja, kila mmoja aisahihishe peke yake. Mimi nilitoa alama 15 katika 20. Jirani yangu alitoa 8. Hapana kati yetu aliyemchukia mwandishi; hata hatukumjua. Mkufunzi akauliza, “Basi mtoto huyu amefaulu au ameshindwa?” Tukanyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kibaba chake.

Alama za insha zaweza kusahihishwa kesho. Yako majibu yasiyongoja kesho. Mwanamke akigunduliwa kuwa na saratani ya titi, kipande cha uvimbe hupelekwa maabara kuulizwa maswali matatu. Je, chembe zake zina vipokezi vya homoni iitwayo estrojeni? Zina vipokezi vya projesteroni? Zina protini iitwayo HER2 kupita kiasi? Vipokezi ni mfano wa milango ambayo kwayo homoni huiamrisha chembe ikue. Milango ikiwapo, dawa ya tamoksifeni huweza kuiziba ile ya estrojeni. Isipokuwapo, dawa hiyo haifai kitu. Kadhalika dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wenye HER2 nyingi. Kwa hiyo jibu la maabara ndilo liamualo mgonjwa apewe dawa gani na anyimwe ipi.

Njia ya kulipata jibu hilo ni ndefu. Kipande hulowekwa katika formalini. Kikichelewa kutiwa, au kikitolewa upesi, hakiaminiki tena. Kisha hukatwa vyembamba mno, hupakwa dawa na rangi, na mwishowe daktari hutazama kwa hadubini akakadiria ni chembe ngapi zilizoshika rangi. Penye hatua nyingi pana nafasi nyingi za kukosea. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani waliotunga kanuni za upimaji wa vipokezi vya homoni walisema kuwa huenda majibu hata 20 katika kila 100 ulimwenguni si sahihi. Waliagiza kipande kikae katika formalini kwa saa 6 hadi 72, na chembe 1 tu katika 100 ikishika rangi, ihesabiwe kuwa vipokezi vipo.

Hasara ya kosa kama hilo ilionekana katika jimbo la Newfoundland na Labrador, nchini Kanada. Mwaka 2005 mgonjwa mmoja aliyekuwa ameambiwa hana vipokezi alipimwa tena, akaonekana anavyo. Vipande vya wagonjwa wengine, vilivyopimwa katika mji wa St. John’s tangu mwaka 1997, vikapelekwa Toronto kupimwa upya. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron ilitoa taarifa yake mwaka 2009. Mamia ya wagonjwa walikuwa wamepewa majibu yenye makosa. Wako walionyimwa dawa iliyowafaa, na wako waliokufa kabla kosa halijajulikana. Zaidi ya hayo, wagonjwa hawakuambiwa ukweli wote mapema.

Hatuna sababu ya kudhani kuwa yuko aliyewatakia mauti. Basi nia njema yatosha kuwa udhuru? Mimi nasema haitoshi. Aliyekubali kazi ya kupima amekubali pia wajibu wa kujua kama kipimo chake ni cha kweli. Kutojua jambo ambalo njia ya kulijua ipo, na watu wanalitegemea, si bahati mbaya. Ni uzembe uliovaa nguo za nia njema.

Utasema, mtu atajuaje kosa lake? Kinyozi hajinyoi. Ndiyo maana maabara zilizo makini huweka kando ya kila kipimo kipande ambacho jibu lake limekwisha julikana. Tena hukubali kutumiwa na watu wa nje vipande vile vile walivyotumiwa wengine, ili majibu yalinganishwe. Yote mawili yanahitajika. Kulinganisha peke yake hakutoshi, maana vibaba kumi vilivyobonyea sawasawa hupatana, lakini vyote hupunja. Pasipo kulinganisha nako, mgonjwa wa mji mdogo atapewa jibu moja na wa mji mkuu jingine, hali ugonjwa wao ni mmoja. Hiyo siyo haki.

Najua kukaguliwa kunauma. Mtu hodari huona kama anashukiwa. Lakini anayekataa kukaguliwa hailindi heshima yake. Anakilinda kiburi chake, na gharama hulipwa na mtu mwingine asiyemjua. Na kosa likionekana, heshima iliyobaki ni moja tu: kulisema upesi kwa yule lililomdhuru.

Tangu siku ile ya chuoni, sitoi alama za mtihani kabla mwalimu mwenzangu hajasahihisha baadhi ya karatasi zangu. Mara nyingine hunionyesha nilipokosea, na uso wangu hushuka. Lakini mtoto aliyestahili kufaulu hufaulu. Nawe, msomaji, kesho huenda ukashika mizani, kalamu au hadubini. Kabla ya kumpima mwenzio, uliza ni nani aliyekipima kipimo chako.