Joto Linahamia kwa Nani?

Mwenye nyumba alikuwa akiliita sela. Siku ya kwanza alipolitamka neno hilo, sisi mafundi tuliangaliana tukauma midomo. Mtaani msela ni kijana kama mimi: hana ajira, hana kiwanja, analala kwa dada yake, anaishi kwa kuungaunga. Sasa hapa yupo mtu mwenye magari mawili anasema anataka sela chini ya nyumba yake, na ndani ya sela hilo zilale chupa mia tatu za mvinyo. Fundi mkuu akaninong'oneza, "Wewe si msela? Basi tangulia shimoni." Nikachukua sururu nikatangulia.

Niweke jambo moja wazi, ndugu msomaji. Sikuja hapa kujadili kama ulevi ni dhambi. Jambo hilo lina wenyewe, na mimi sinywi mvinyo kwa sababu ya bei zaidi kuliko kwa sababu ya uchaji Mungu. Swali langu ni jingine, dogo, karibu ni la kifundi, na limekataa kuniachia tangu kazi ile iishe.

Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikunipeleka popote. Baba analima zabibu, ekari moja, kijijini nje ya Dodoma. Mimi naandika riwaya; ipo kwenye daftari la nne sasa. Mchana ni saidia fundi, maana tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mwenye mgongo hakosi zege la kubeba. Kwenye kazi hii ya sela nikapandishwa cheo kwa bahati tu. Mashine ya kupoza ilikuja na kijitabu cha Kiingereza, kurasa arobaini. Fundi mkuu amejenga nyumba tangu mimi sijazaliwa, lakini alikigeuza kijitabu kile mara mbili akanitupia: "Msomi, soma utuambie."

Kumbe mvinyo una adabu zake. Unataka ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14, tena ubaridi usiobadilika, maana chupa inayopata joto mchana na baridi usiku huchoka mapema kama mtu wa zamu mbili. Unataka giza, kwa sababu mwanga huuharibu. Unataka utulivu, ukiuweka karibu na jenereta, mtikisiko unakoroga mashapo. Unataka hewa yenye unyevu, asilimia 60 hadi 70 hivi, na chupa ilale ubavu ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inapenya, na mvinyo unaanza safari ya kuwa siki.

Nilisoma hayo kwa taa ya simu, watoto wawili wa dada wamelala miguuni kwangu kwenye godoro moja, dirisha letu likitazama ukuta wa jirani. Ingependeza niandike kwamba machozi yalinitoka. Hayakunitoka. Nilifurahi. Kupanga mahali ambapo kila kitu kimefikiriwa kabla, hakuna kinachotikisika, hakuna anayepita bila sababu, kwa mtu anayehangaika na riwaya kuna utamu wake. Nikachukua penseli nikaanza kuchora: rafu za mbao zenye mwinamo kidogo, mlango wenye mpira pande zote kama wa friji, taa moja ndogo isiyotoa joto. Kesho yake fundi mkuu aliutazama mchoro wangu, akauliza maswali mawili, akaubandika ukutani kwa msumari. Sijawahi kuchapishwa kitabu, lakini nadhani ndivyo mtu anavyojisikia.

Mwanzoni niliamini kuchimba kunatosha. Maji ya kisima si baridi, bwana? Kumbe ukishuka mita kadhaa ardhi huacha kufuata jua la leo na mvua ya kesho, inashika wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Kule Reims, Ufaransa, wastani huo ni mdogo. Ndiyo maana mashimo ya kale ya kuchimbia chaki yaliyo chini ya mji ule yana nyuzi kumi na kitu, masika na kiangazi, bila mashine, na watengenezaji wa shampeni huhifadhi humo chupa zao. Katika vita vya 1914 hadi 1918, mji ulipokuwa ukipigwa mizinga, watu walihamia humo, na watoto wakasomeshwa humo humo chini ya ardhi, pamoja na chupa. Nimewaza sana juu ya ubaridi ule. Haumdai mtu. Upo tu, kama kivuli cha mbuyu, anayekuja anaukuta.

Dodoma wastani ni nyuzi ishirini na kitu. Chimba mpaka uchoke, utaikuta hiyo ishirini na kitu inakusubiri. Kwa hiyo ubaridi wetu ilikuwa lazima utengenezwe, na ukishatengenezwa ulindwe usitoroke. Ukuta tuliuvalisha mapovu magumu meupe, ndugu wa yale yanayofungia televisheni mpya, pamoja na nailoni ya kuzuia unyevu. Nailoni tukaiweka upande wa ndani, kumbe inakaa upande wa joto. La sivyo unyevu wa nje unapenya kwenye povu, unakutana na ubaridi, unageuka maji. Tulibomoa tukarudia siku mbili bila malipo. Tuyaache hayo.

Sasa hapa ndipo lilipo swali langu. Mimi nilikuwa nadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi kama mwokaji anavyotengeneza mkate. Sivyo. Mashine ile haiui joto. Inalichota ndani ya chumba na kulimwaga kwingine, na juu yake inaongeza joto lake yenyewe, la umeme inaokula. Yaani joto linalotoka nyuma ni kubwa kuliko lililochotwa. Kila sela la namna hii lazima liwe na tobo, na tobo lazima liangalie upande fulani.

Ramani ilitupa pande tatu. Mbele ni baraza, wageni wanakaa. Kushoto ni mita saba za bomba kuizunguka jiko, na kila mita ya bomba inaipunguzia mashine nguvu. Nyuma ni mita mbili tu, unatokea kwenye kijia kati ya nyumba na chumba cha mlinzi, chini ya dirisha lake. Fundi mkuu akaniuliza, "Kijitabu kinasemaje?" Nikasema kinataka bomba fupi iwezekanavyo. "Basi wapi?" Nikanyoosha kidole nyuma.

Nimekirudia kidole kile kichwani mara nyingi. Bosi hakuwepo siku hiyo. Hakuna aliyesema tumpulizie mzee wa watu joto. Hakuna hata aliyemtaja. Bomba fupi lilikuwa jibu sahihi. Ungekuwa mtihani ningepata alama zote, mimi ambaye mitihani haikunipenda. Na kati ya wote tuliokuwa pale, mimi ndiye niliyekijua chumba kile vizuri zaidi, kwa sababu kila mchana nilikuwa nakula ugali wangu mle ndani pamoja na mzee mwenyewe, sahani moja.

Mwezi wa kumi niliitwa kurekebisha mpira wa mlango. Dodoma mwezi wa kumi unaijua, hata mbuzi wanatafuta ukuta. Nikakuta godoro la mzee liko nje, limeegemezwa kwenye mti.

"Shikamoo mzee. Siku hizi unalala nje?"

"Marahaba mwanangu. Ndani kunapumua," akasema. "Linapumua usiku kucha hilo dude. Lakini mlinzi analalaje ndani, bwana?" Akacheka. Nami nikacheka. Kisha akaniuliza kama mle chini kuna mtu anaishi.

"Hapana mzee, ni chupa tu."

"Zinangoja nini?"

"Zinakomaa."

"Ahaa," akasema, akaendelea kuchambua mlenda wake.

Jumamosi nikalipeleka jambo hili kwenye kikundi chetu cha kusomeana kazi. Zikazuka kelele. Mshikaji mmoja akasema huo ni wivu wa kimaskini, tukipata sisi tutachimba masela mawili mawili. Mwingine akasema matajiri wote ni wanyama, nikiandike hivyo, kitauza. Nilishindwa kukubali yote mawili. Bosi yule si mnyama. Alitulipa kila Ijumaa, alijua majina yetu, aliniuliza naandika nini na akasikiliza jibu. Ingekuwa hadithi rahisi kama angekuwa katili. Na tuambizane ukweli, vijana wenzangu: hadithi zetu nyingi zina matajiri wenye vitambi na vicheko vizito kwa sababu watu wa namna hiyo hawatusumbui kuwaandika. Aliyenipata ni dada mmoja anayesuka saluni, ambaye kwa kawaida hasemi. "Wewe hujakasirikia sela," akasema. "Umekasirika kwa sababu uliulizwa ukajibu."

Hapo nikapata usingizi kidogo, maana angalau nilijua nabishana na nani. Chupa iliyolala gizani haimwumizi mtu. Mtu kutaka mahali pa baridi si kosa, hata mimi napataka. Lakini nimefundishwa tangu utotoni, nyumbani na kanisani, kwamba tendo hupimwa kwa nia. Haya, nipime. Nia yangu ilikuwa bomba fupi. Sikumtakia mzee yule baya lolote. Na joto limeingia dirishani kwake vile vile, nyuzi zile zile ambazo lingeingia nazo kama ningekuwa adui yake. Kama nia ndiyo kila kitu, basi pale hakuna aliyetenda jambo, si mimi, si fundi, si bosi, na godoro lilitoka nje lenyewe. Hilo siwezi kulikubali. Nadhani kuna makosa yasiyo na nia mbaya ndani yake, yana uvivu tu wa kutouliza swali moja zaidi: nikilitoa hapa, linakwenda kwa nani?

Swali hilo likishakuingia, bwana, halikai mahali pamoja. Chukua zabibu. Wamisionari walizileta kwetu, zikakubali udongo, na mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini zabibu ikishakatwa haina subira. Siku chache kwenye jua letu, inaanza kuchacha ndani ya kreti. Mnunuzi analijua hilo. Yeye anaweza kuja kesho au keshokutwa, baba hawezi. Basi bei inapangwa na yule anayeweza kusubiri. Zamani nilikuwa nawatukana wanunuzi tu, na wengine wanastahili. Siku hizi naona pia kwamba anayeweza kusubiri ana ubaridi wake mahali fulani, ghala au akiba ya benki, na baba amesimama upande wa tobo. Chupa ina miaka kumi ya kujifikiria. Aliyelima ana siku tatu.

Ningeweza kuishia hapo, nikawa nimemtetea baba na kulia na mzee wa watu, nikaonekana kijana mwema. Lakini dada yangu huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na jioni, mimi ninapofungua daftari, huwafukuza watoto ndani. "Tokeni nje, Anko anaandika." Husema kwa fahari, majirani wasikie. Nami hukaa kwenye meza ile moja, mlango umefungwa, kimya, saa mbili nzima, hakuna kinachotikisika. Mwezi uliopita mkubwa wao, aliye darasa la nne, alileta daftari la hesabu. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto hafanyi kazi za nyumbani. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini. Akanitazama tu. Afanyie wapi? Dukani kwa jirani, kwenye mwanga wa taa, wanamfukuza kwa sababu anaziba wateja.

Riwaya yangu nayo inakomaa.

Jumapili iliyopita nilichukua futi nikaenda kupima kutoka kwenye tobo hadi juu ya paa la chumba cha mlinzi. Mita nne na nusu, na kona moja. Bosi akanikuta juu ya ngazi. Nikamweleza. Alilitazama lile dirisha muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba lipo. "Mbona hukusema wakati ule?" akaniuliza, bila ukali. Sikuwa na jibu la kumpa. Akauliza kama mashine haitachoka. Nikasema itachoka kidogo. Akasema nimletee bei ya bomba, nikamletea, na bado hajanipigia. Mvua zimeanza. Mzee amelirudisha godoro ndani, kwa sababu ya mvua.

Haya nayaandika nimekaa kizingitini, daftari gotini. Mtoto yuko ndani mezani na hesabu zake za mafungu. Kila baada ya dakika chache anatoka kuniuliza nusu ya robo ni ngapi, na kila akitoka, sentensi niliyokuwa nayo inapotea.